Ngao ya angani inavyozaa mikuki

Tarehe 11 Januari 2001, tume iliyoundwa na Bunge la Marekani kuchunguza usalama wa nchi hiyo katika anga za juu ilitoa ripoti yake. Ujumbe wake ulikuwa mzito: setilaiti za Marekani hazina ulinzi, adui akiamua kuzishambulia taifa litashtukizwa kama Wajapani walivyolishtukiza kwenye bandari ya Pearl Harbor mwaka 1941, na kwa hiyo Rais asinyimwe uwezo wa kuweka silaha angani. Donald Rumsfeld, aliyekuwa mwenyekiti wa tume hiyo, hakuwa na haja ya kujiuliza ni nani ataisoma. Alikuwa ameshateuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi. Miaka sita baadaye, tarehe ile ile ya 11 Januari, kombora lilirushwa kutoka jirani na kituo cha Xichang, kusini-magharibi mwa China, likapanda hadi kilomita zipatazo 860 na kuisambaratisha Fengyun-1C, setilaiti kuukuu ya hali ya hewa. Setilaiti yenyewe ilikuwa ya Wachina. Vipande zaidi ya 3,000, vikubwa kiasi cha kuonekana kwenye rada, vilitawanyika, na vingi vinaizunguka dunia mpaka leo.

Tarehe kufanana ni bahati ya kalenda tu. Yaliyotokea katikati yake hayakuwa bahati. Tume ilionya kwamba anga za juu zitageuka uwanja wa vita, na serikali iliyoingia madarakani mwezi huo ikafanya karibu kila jambo ambalo lingeharakisha hali hiyo. Wapo wanaosema onyo lilitimia kwa sababu walioliandika waliona mbali. Wapo pia, nami ni mmoja wao, wanaosema sera iliyojengwa juu ya onyo hilo ndiyo iliyolisaidia kutimia. Nchi inayounda silaha kwa jina la kujilinda, huku ikikataa mkataba wowote wa kuifunga mikono, haimtishi mpinzani akatulia. Humpa sababu ya kuunda yake, humpa kisingizio cha kuitetea, na mara nyingi humwonyesha hata namna ya kuitengeneza.

Ili kulielewa hilo, lazima kwanza tuache kuamini kwamba angani zipo silaha za kujilinda upande huu na za kushambulia upande ule. Kichwa cha nyuklia kilichorushwa na kombora la masafa marefu hufika kwenye shabaha yake kwa takribani nusu saa. Kinakuja bila taarifa, na huenda kikasindikizwa na vichwa bandia vya kumdanganya anayekisubiri. Anayetaka kukidungua ana dakika chache za kukitambua, kukokotoa njia yake na kukigonga. Setilaiti ni kinyume cha yote hayo. Hupita njia ile ile mwaka nenda mwaka rudi, na njia hiyo inajulikana hata na watu wa kawaida wanaozifuatilia setilaiti kwa darubini za nyumbani, kwa mapenzi yao tu. Kukwepa haiwezi kwa urahisi, maana mafuta iliyobeba ni kidogo. Kwa hiyo kombora lenye uwezo wa kudungua kichwa cha nyuklia, hata kama ni kwa kubahatisha, litaidungua setilaiti ya anga ya chini kwa uhakika mkubwa zaidi. Mfumo unaoitwa ngao unaweza kushindwa kabisa kazi ya ngao na bado ukawa mkuki mzuri sana.

Februari 2008 jambo hili lilionekana mchana kweupe. USA-193, setilaiti ya upelelezi ya Marekani iliyorushwa Desemba 2006, ilikuwa imekata mawasiliano muda mfupi baada ya kufika angani, na sasa ilikuwa ikishuka kidogo kidogo huku tangi lake likiwa na karibu kilo 450 za haidrazini, mafuta yenye sumu. Tarehe 12 mwezi huo, mjini Geneva, Urusi na China ziliwasilisha katika Mkutano wa Upokonyaji Silaha rasimu ya mkataba wa kupiga marufuku uwekaji wa silaha angani. Siku mbili baadaye Washington ikatangaza kwamba itaidungua setilaiti yake ili sumu ile isidhuru watu. Tarehe 20, kwa saa za Marekani, meli ya kivita USS Lake Erie iliyokuwa katika Bahari ya Pasifiki ilirusha kombora aina ya SM-3, likaigonga ikiwa kilomita 247 hivi juu ya bahari. SM-3 haikuundwa kuua setilaiti. Ni kombora la kudungua makombora, na walichobadilisha mafundi kilikuwa hasa programu za kompyuta, kazi ya wiki chache.

Tukubali kwamba sababu ya sumu ilikuwa ya kweli. Tukubali pia kwamba vipande viliungua vyote ndani ya muda mfupi kwa kuwa setilaiti ilikuwa chini, uangalifu ambao Wachina hawakuujali mwaka mmoja kabla. Lakini majenerali wa Beijing na Moscow hawalipwi mshahara kupima nia za watu. Wanapima uwezo, na uwezo waliouona ni kwamba kombora ambalo Marekani ilikuwa ikilisambaza katika meli zake kwa jina la ulinzi linageuka kuwa muuaji wa setilaiti kwa kubadilishiwa programu. Walijifunza upesi. Januari 2010 China ilitangaza jaribio la kudungua kombora na kulieleza kuwa ni la kujilinda tu, nao wachambuzi wa Marekani wakalitazama na kuona kombora la jamii ile ile ya 2007. Machi 2019 India iliidungua setilaiti yake ya Microsat-R, ikiwa chini ya kilomita 300, kwa kombora lililotoka kwenye mpango wake wa kujikinga na makombora. Urusi ilipoilipua Cosmos 1408 Novemba 2021, silaha iliyotajwa ilikuwa Nudol, sehemu ya mfumo mpya wa kuulinda mji wa Moscow. Kila mmoja wa hawa alipita mlango ulioandikwa neno ulinzi.

Hili halikuwa siri kwa waliotangulia. Mei 1972, mjini Moscow, Nixon na Brezhnev walitia saini mkataba wa kudhibiti mifumo ya kudungua makombora, ule ujulikanao kwa kifupi kama ABM. Mantiki yake ilikuwa chungu lakini sahihi: mmoja akijenga ngao, mwingine ataongeza makombora ya kuipita, kwa hiyo wote wawili wabaki karibu uchi. Kifungu cha tano kilikataza kuunda mifumo ya namna hiyo kwa ajili ya kuwekwa angani. Kifungu cha 12, ambacho watu wachache hukikumbuka, kilikataza upande wowote kuingilia vyombo ambavyo mwingine anavitumia kuhakikisha mkataba unatekelezwa. Vyombo hivyo vilikuwa hasa setilaiti za upelelezi. Kwa maneno mengine, ulinzi madhubuti kuliko wote ambao setilaiti za Marekani zimewahi kupata dhidi ya Urusi ulikuwa wa karatasi na saini.

Karatasi hiyo ilitikiswa mara ya kwanza Machi 1983, Ronald Reagan alipotangaza mpango wa kulikinga taifa lake na makombora ya nyuklia, mpango ambao wapinzani wake waliubatiza jina la Vita vya Nyota. Wasovieti hawakukaa kimya. Tayari walikuwa na michoro ya miaka ya 1970 ya kituo cha angani chenye silaha ya leza, nao wakaiharakisha. Tarehe 15 Mei 1987, kutoka Baikonur, roketi mpya kubwa ya Energia iliondoka ikiwa imebeba mzigo wa tani 80 hivi ulioitwa Polyus, mfano wa kituo hicho bila leza yenyewe. Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti aliyekuwa ameitembelea Baikonur siku chache kabla, alikuwa amesema wazi kwamba hataki mashindano ya silaha yapelekwe angani. Roketi ilifanya kazi yake vizuri. Mzigo ulipoachana nayo ulipaswa kugeuka nusu duara kabla ya kuwasha injini. Ukazidisha, ukajizungusha duara zima, ukawasha injini ukiwa umeelekea kule ulikotoka, na ukajisukuma wenyewe hadi kwenye maji ya Pasifiki. Historia imelifanya tukio hilo kuwa kichekesho cha wahandisi. Ingekuwaje kama hesabu ile isingekosewa, mwaka ule ule ambao Reagan na Gorbachev walikuwa wakielekea kutia saini ya kufuta makombora ya masafa ya kati?

Watetezi wa Vita vya Nyota wana jibu lao, na ni jibu linalopendwa: mpango ule uliifilisi Urusi ya Kisovieti, kwa hiyo ubabe ulilipa. Ushahidi wake ni mwembamba. Uchumi wa Kisovieti ulikuwa umechoka kwa sababu zake wenyewe, na bei ya mafuta iliyoporomoka mwaka 1986 iliuumiza zaidi kuliko leza yoyote ya kwenye michoro. Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyeshiriki kuunda bomu la haidrojeni la nchi hiyo kisha akafungiwa uhamishoni kwa sababu ya kutetea haki, aliporejea Moscow alieleza kwamba mfumo kama ule unapenyeka kwa gharama ndogo na haufai kuwa kizuizi cha makubaliano. Kilichopotea kwa ajili ya mpango wa Reagan, kwa upande mwingine, kinajulikana. Huko Reykjavik, Oktoba 1986, viongozi wale wawili walizungumzia kufuta silaha zote za nyuklia, wakaachana mikono mitupu kwa sababu Gorbachev alitaka utafiti wa ngao ubaki ndani ya maabara kwa miaka 10 na Reagan akakataa. Marekani ilikuwa imetumia dola zipatazo bilioni 30 hadi mpango ulipobadilishwa jina mwaka 1993. Ngao haikujengwa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wapinzani wa Marekani wangeunda silaha hizi hata kama Washington ingekuwa imelala. Moscow ilijaribu setilaiti za kuua setilaiti tangu 1968, miaka 15 kabla ya hotuba ya Reagan. China haikuanza maandalizi yake 2006. Kombora la kuua setilaiti haliundwi kwa miezi michache. Yote hayo ni kweli, na mtu anayeandika kana kwamba Beijing na Moscow ni wanafunzi wasio na akili yao wenyewe anazidharau nchi hizo na kuwadanganya wasomaji wake. Nia ya kuwa na silaha ilikuwapo. Swali langu ni kuhusu breki. Agosti 1983 Yuri Andropov alitangaza kwamba Urusi ya Kisovieti inasitisha majaribio ya silaha hizo. Marekani ilifanya lake Septemba 1985, ndege ya F-15 iliporusha kombora na kuivunja Solwind, setilaiti ya utafiti wa jua iliyokuwa bado inafanya kazi. Miezi mitatu baadaye Bunge likalizuia jeshi kujaribu tena dhidi ya shabaha ya angani, mradi Wasovieti nao waendelee kujizuia. Kuanzia hapo mpaka Januari 2007, zaidi ya miaka 21, hakuna nchi iliyoisambaratisha setilaiti kwa kombora. Maadui wa Vita Baridi, wenye makumi ya maelfu ya vichwa vya nyuklia, waliweza kujizuia hata bila mkataba maalumu. Nia ilikuwapo muda wote huo; breki nayo ilikuwapo.

Tuangalie sasa nani aliigusa breki. Mwaka 1997 kamandi ya anga ya Marekani ilichapisha dira yake ikizungumzia kuitawala anga kijeshi. Ikafuata ripoti ya 2001. Desemba mwaka huo George W. Bush alitangaza kujitoa katika mkataba wa ABM, na Juni 2002 ukafa, pamoja na kile kifungu cha 12. Mwaka 2005, katika Umoja wa Mataifa, Marekani ilipiga kura ya hapana dhidi ya azimio la kila mwaka la kuzuia mashindano ya silaha angani, azimio ambalo awali ilikuwa ikijizuia tu kulipigia kura. Agosti 2006 Bush alisaini sera mpya ya anga iliyotamka kwamba Marekani itapinga sheria mpya za kimataifa zitakazoiwekea mipaka na kwamba, ikibidi, itawanyima wapinzani wake matumizi ya anga. Miezi mitano baadaye Fengyun-1C ikalipuka. Siwezi kuapa kwamba hati moja ndiyo iliyobonyeza kitufe cha Xichang. Ninachosema ni kwamba kama Beijing kulikuwa na ofisa aliyeshauri subira, hati zile zilimwacha bila la kujibu.

Urusi ililisema jambo hili hadharani. Machi 2018 Vladimir Putin aliposimama mbele ya wabunge na kuonyesha kombora la Sarmat na chombo chenye kasi kubwa kiitwacho Avangard, alivieleza moja kwa moja kuwa majibu ya Marekani kujitoa katika ABM. Putin si shahidi wa kuaminika katika mambo mengi. Hata hivyo, silaha alizozionyesha zilikuwa na sifa moja ya pamoja: zilibuniwa kuipita ngao, zikiwemo zinazochukua njia ambazo ngao hiyo haizitazami. Ndivyo mantiki ya 1972 ilivyotabiri.

Wanaopinga mikataba wana hoja nyingine ambayo lazima ijibiwe kwa heshima, nayo ni kwamba rasimu ya Urusi na China ya 2008 ilikuwa na unafiki ndani yake. Ilikataza kuweka silaha angani lakini haikugusa makombora yanayorushwa kutoka ardhini, yaani silaha ile ile ambayo China ilikuwa imetoka kuijaribu. Haikuwa pia na utaratibu wa ukaguzi. Marekani ilikuwa na haki ya kuikosoa, lakini kuikosoa rasimu si sababu ya kukataa kuleta yako. Ilichukua mpaka Aprili 2022 ndipo Makamu wa Rais Kamala Harris, akiwa katika kambi ya Vandenberg, alipotangaza kwamba Marekani haitafanya tena majaribio ya makombora yanayosambaratisha setilaiti. Hatua hiyo ina uzuri wake: ukaguzi haumsumbui mtu, kwa sababu atakayevunja ahadi ataacha maelfu ya vipande vikionekana kwenye rada za dunia nzima. Desemba mwaka huo nchi 155 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono wito wa aina hiyo. Nchi 9 zilipinga, Urusi na China zikiwa miongoni mwao, na hapo unafiki wao ulibaki bila nguo. Ndiyo faida ya kuwa na pendekezo mezani. Bila hilo, kila upande huendelea kuonekana mwathirika.

Gharama ya majaribio haya haiwabagui walioyafanya na wasioyafanya. Cosmos 1408 ilipolipuliwa kwenye kilomita 480 hivi, ilitoa vipande zaidi ya 1,500 vya kuonekana kwenye rada, na watu saba waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga waliamriwa kujifungia ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Wawili kati yao walikuwa Warusi, wakijikinga na mabaki yaliyotokana na silaha ya nchi yao wenyewe. Miezi 17 baadaye Taifa-1 ya Kenya, setilaiti ndogo ya kupiga picha za mashamba, misitu na maji, ilirushwa kutoka Vandenberg kwenda kuzunguka kwenye kimo cha kilomita zipatazo 500, mtaa ule ule. Katika kasi ya huko juu, kipande chenye ukubwa wa njugu kinatosha kumaliza kazi ya miaka. Nchi za ikweta ziliwahi kujaribu kusema jambo kuhusu anga lililo juu yao: Desemba 1976 nchi nane, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilikutana Bogotá na kudai umiliki wa sehemu ya anga ya mbali zinakoegeshwa setilaiti za mawasiliano. Kisheria dai lile halikuwa na miguu, na wakubwa walilipuuza. Lakini walau walijua kwamba wana maslahi.

Na hatari iliyo mbele ni kubwa kuliko vipande. Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 kwenye kilomita 400 juu ya Pasifiki. Taa za barabarani zilizimika Hawaii, karibu kilomita 1,450 kutoka hapo, na mionzi iliyobaki angani iliharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Ariel 1 ya Uingereza ambayo haikuwa na ugomvi na mtu. Tangu Februari 2024 Marekani imekuwa ikiituhumu Urusi kwamba inatengeneza silaha ya nyuklia ya kuwekwa angani, uwekaji uliokatazwa na mkataba wa anga za juu wa 1967. Moscow inakana, lakini Aprili mwaka huo ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuliua azimio lililorudia katazo hilo. Hapa Urusi haina wa kumsingizia. Ila mtu anayejiuliza kwa nini taifa litamani silaha ya kikatili namna hiyo, inayoharibu setilaiti za wote na zake zikiwamo, atazame upande wa pili wa mizani: makundi ya maelfu ya setilaiti ndogo ambayo haiwezekani kuyaangusha moja moja.

Huko ndiko sera mpya ya Washington inakoelekea. Mei 2025 Donald Trump alitangaza mpango wa Golden Dome, kuba la kuikinga Marekani nzima, likiwa na makombora ya kudungulia yaliyowekwa angani. Alisema litagharimu dola bilioni 175 na kukamilika kwa miaka mitatu hivi. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kuwa makombora hayo ya angani peke yake yanaweza kugharimu kati ya dola bilioni 161 na 542 kwa miaka 20. Ukubwa wa gharama unatokana na fizikia. Kombora la adui huwaka injini kwa dakika tatu mpaka tano, na chombo kilicho anga ya chini huizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Ili kimoja kiwe mahali panapotakiwa wakati huo, vingine vingi mno lazima viwe vinazunguka mahali pasipotakiwa. Adui akiongeza makombora 10, mwenye kuba huongeza vyombo kwa mamia. Beijing na Moscow zilitoa tamko la pamoja kuulaani mpango huo hata kabla bei yake haijatangazwa. China, ambayo kwa makadirio ya Pentagon ilikuwa na vichwa vya nyuklia mia mbili na kidogo mwaka 2020, ilikuwa imevuka 600 kufikia katikati ya 2024. Sababu za ongezeko hilo ni nyingi, na kuba halitapunguza hata moja.

Wakati huohuo mkataba wa START Mpya, wa mwisho kati ya Marekani na Urusi wa kudhibiti silaha za nyuklia za masafa marefu, ulifikia ukomo wake tarehe 5 Februari 2026. Nao ulikuwa na kifungu cha kukataza kuingilia setilaiti za ukaguzi, kilichorithiwa kutoka kwa kile cha 1972. Serikali yoyote kati ya hizo mbili inaweza kukitoa peke yake na kukipendekeza kesho, bila kungoja hesabu ya vichwa vya nyuklia wala kukubaliana kuhusu kuba, na China ikaalikwa kutia saini ya tatu. Maneno yake yameshaandikwa, ni mafupi, na katika ABM pekee yalifanya kazi kwa miaka 30.